Gemu ya Kuanzia

Wifi yangu aliingizwa chumba cha upasuaji saa tatu kasorobo asubuhi. Ilipofika saa tatu na nusu, mimi na Fundi tulikuwa tunagombania gemu.

Msituone wapumbavu. Wifi mwenyewe ndiye aliyeagiza. Jana yake, amekaa kitandani na lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, alinishika mkono akasema, "Wifi, wanangu usiwaache wakae wakiangalia saa. Wachezeshe zile gemu zenu, za wewe na kaka yako. Kila siku mnazisifia na watoto hawajaiona hata moja." Nikamuuliza, hilo tu? Akasema hilo tu. Halafu akanitania kwamba nikiwachagulia gemu mbovu atatoka na nyuzi zake kifuani aje anichape. Tukacheka. Nilipofika nje kwenye ngazi nikakaa chini kama mzigo.

Ulikuwa moyo. Daktari alisema kuna mlango mdogo ndani yake haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Wangeufungua moyo, waurekebishe huo mlango, wafunge. Masaa matano, labda sita. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayekwambia urudi jioni kuchukua pasi yako.

Nyumba yangu ni saluni mbele na sebule nyuma, katikati pazia. Siku zote watu hawakauki: anayesukwa, anayesubiri kusukwa, na aliyekuja kusikiliza tu nani kaachwa na nani karudiwa. Siku hiyo niligeuza kibao mlangoni, PAMEFUNGWA, na bado walikuwa wameshagonga wanne. Simu niliiweka mezani uso juu. Chaji ilikuwa imejaa pomoni, lakini niliichomeka hivyo hivyo. Pembeni yake, maboksi matatu.

Tulikuwa tukiziita Gemu za Kofia. Kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake anatembea nchi hadi nchi, anafungua milango, anavuka madaraja mabovu, anawatafutia watu vitu vyao vilivyopotea. Zilitoka tano, sisi tulipata tatu pamoja na mashine yake, kwa binamu aliyerudi kutoka nje. Mimi nilikuwa na miaka kumi, kaka kumi na miwili, na Fundi alikuwa mtoto wa jirani ambaye alikula kwetu mpaka mama akamnunulia mswaki.

Sasa, maneno yote kwenye skrini yalikuwa ya lugha ya huko nje, na mtaa mzima hakuna aliyeijua. Tukagawana kazi. Kaka alishika kidude cha kuchezea, tulikiita usukani. Fundi alikuwa ramani, akichora njia kwenye daftari. Na mimi nilikuwa msomaji. Mtu akitokea kwenye skrini akaanza kusema, maneno yakajipanga pale chini, mimi nasoma. Nasoma nini? Nilichokiona. Mzee akikunja uso nasema, "Kofia, rudi kwenu, daraja limekatika!" Mwanamke akiinama nasema, "Mwanangu, nimepoteza pete." Kila mtu nilimpa sauti yake, na sebule ilijaa watoto mpaka wengine wakaning'inia dirishani. Mwaka haukuisha tukawa tumesahau kabisa kwamba sijui kusoma. Hata majina ya gemu niliyatoa mimi.

"Unaanza na Kisima," Fundi alisema. "Ya kwanza ni ya kwanza. Mgeni humpitishi dirishani."

"Kisima? Hujakaa vizuri popo ameshakuua, na maandishi mekundu skrini nzima. Leo, Fundi? Leo unataka watoto wale waone mtu anakufa mara arobaini?"

Akajikuna kidevu kwa bisibisi. Siku hizi anatengeneza redio na runinga, na hata akija kunywa chai bisibisi haimtoki mkononi.

"Basi Mji wa Vioo."

"Wenye lile jitu linalofukuza watu?"

"Linachekesha lile."

"Linakuchekesha sasa hivi. Wakati ule ulijikojolea."

"Nilimwaga soda!"

"Soda gani ya moto, Fundi?"

Tulicheka, na katikati ya kicheko wote wawili tuliiangalia simu. Haikuwa imelia. Kicheko kikakatika pale pale.

Ikabaki Bonde. Nilikuwa nimeshaichagua tangu nilipotoka hospitali, nilikuwa nataka tu mtu anikubalie. Saa nzima ya kwanza hakuna adui. Ni maua, kondoo, mto. Kofia anaondoka kwao asubuhi na mapema, mama yake amelala hajiwezi, na yeye anashuka bondeni kutafuta jani la kumwamsha. Mwishoni kabisa mama anaonekana mlangoni na gauni jeupe, anampungia mkono. Mama mgonjwa, mtoto anahangaika, mama anaamka. Nilijiambia, siku kama hii utapata wapi nyingine nzuri kuliko hiyo?

"Mama amelala," Fundi alisema taratibu. "Na wa kwao leo naye..."

"Ndiyo maana nimeichagua."

"Unatafuta balaa, Kitana." Kitana ni mimi, maana kitana hakinitoki nyweleni.

"Basi chagua wewe."

Hakuchagua. Aliinama nyuma ya runinga akaanza kuhangaika na waya, na ile mashine, kwa jeuri ya vitu vya zamani, ikakataa kuwaka mpaka saa sita.

Wasichana walikuwa chumbani kwangu. Mkubwa ana miaka kumi na miwili, tunamwita Hakimu, kwa sababu ukimwambia jambo lolote anakuuliza nani aliona. Mdogo ana sita, mviringo na mweusi wa kung'aa, tunamwita Kifungo. Walikuwa wamekaa nje miaka minne, kaka akiendesha mashine kwenye kiwanda cha karatasi, na walirudi miezi saba tu nyuma kwa sababu ya huu moyo. Nyumbani walizungumza Kiswahili kama sisi. Haikunipitia kichwani kwamba ile nje ya kwao na ile nje ya gemu ni nje moja. Kwangu mimi lugha za nje zilikuwa fungu moja, sikuwahi kuuliza ipi ni ipi.

Walipotoka chumbani, kabla hawajakaa, pazia la saluni likafunguka. Mama wa mlango wa pili. Nilikuwa nimefunga kwa komeo, sijui alipita wapi, huyu mama anapita popote penye habari. Amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, mkononi ana leso iliyokunjwa.

"Poleni, jamani," alisema, kwa ile sauti ya chini. Mnaijua. "Poleni sana." Akamwona Hakimu, akamvuta kifuani. "Jikaze, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa. Jikaze kwa ajili ya mdogo wako."

"Hakuna cha kujikazia!" nikasema, juu zaidi ya nilivyotaka. "Ahsante, jirani. Tutakuita." Nikamshika kiwiko nikamtoa, na mlangoni nikamnong'oneza maneno ambayo siyaandiki. Niliporudi, Hakimu alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, akinitazama mimi, kisha Fundi, kisha simu kwenye chaja.

"Ameambiwa na nani?" aliuliza.

"Ameambiwa nini?"

"Chochote."

"Huyo haambiwi, huyo anajiambia. Haya, nani atashika usukani?"

Kifungo aliurukia. Hakimu nilimpa daftari la ramani, akalipokea bila kulifungua. Lile boksi la Mji wa Vioo alilichukua mezani, akaligeuza.

"Shangazi, mbona hii mnaiita Mji wa Vioo?"

"Si unaona majumba yale ya vioo?"

"Imeandikwa Kiwanda cha Barafu."

Fundi alicheka kutoka nyuma ya runinga. Na mimi nilicheka, nusu. Kitu kilikuwa kinanijia, lakini kilikuja polepole, na kabla hakijafika mashine iliwaka, muziki ukaanza. Ule muziki. Miaka zaidi ya thelathini, na vinyweleo vilisimama mikononi. Boksi lenyewe la Bonde lilipotea zamani, lililopo ni la karatasi, alilichora Fundi mwenyewe, halina neno la kigeni hata moja. Kwa hiyo Hakimu hakupata la kusoma mpaka skrini ilipofunguka.

Chumba. Kitanda. Mwanamke amelala chali, shuka mpaka kidevuni. Kofia amepiga magoti kando yake, kofia ameishika mikononi. Maneno yakaanza kujipanga pale chini.

"'Mama amelala,'" nikasoma, kwa sauti yangu ya zamani, ilitoka yenyewe. "'Usiku kucha alikohoa, sasa amelala. Wacha niende bondeni nikamtafutie jani.'"

Nilimtupia jicho Hakimu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Haikuwa inafuata maneno yangu. Ilikwenda kwa mwendo wa yale maandishi, na ilipofika mwisho wa mstari ilisimama.

Hapo ndipo kile kitu kiliponifikia: mtoto huyu anaijua lugha ile. Nikashika ukingo wa kiti.

"Dada," Kifungo aliuliza, "wamesema hivyo?"

Macho ya Hakimu yalirudi mwanzo wa mstari, yakasoma tena.

"Ndiyo," alisema. "Amelala."

"Mbona kavua kofia?"

"Ndani watu wanavua kofia."

Akainuka. "Naomba maji," alisema, akaenda jikoni bila kungoja ruhusa. Nilimfuata. Nilimkuta ameweka glasi chini ya bomba, imejaa, maji yanamwagika mkononi na hafungi.

Nilifunga bomba mimi. "Hakimu. Pameandikwa nini pale?"

"Si umechagua wewe."

"Mwanangu, mimi ile lugha sijui hata herufi yake moja. Tulikuwa tunabuni."

"Yote?"

"Yote."

Alinitazama kwa yale macho ya kukagua. Sikuona kama ameniamini. Akasema, taratibu, kama anayesoma darasani: "'Mama alikufa kabla hakujakucha. Majirani wameshajua. Wote wananiambia pole, na hakuna anayetaka kuniambia kwa nini.'"

Jikoni kwangu kuna friji inayonguruma kama lori, na siku hiyo sikuisikia. Nilikuwa namwona yule mwanamke wa mwishoni, mlangoni, na gauni lake jeupe. Tangu utotoni nilijua anamkaribisha mwanawe nyumbani. Alikuwa anaaga.

"Shangazi," Hakimu alisema. "Mama amekufa saa ngapi?"

"Nini? Hajafa! Nani kasema amekufa?"

"Yule mama kaniambia nijikaze. Anko Fundi anaongea kwa kunong'ona tangu asubuhi. Saluni umefunga na leo ni Jumamosi. Halafu kati ya gemu tatu umechagua hii." Alihesabu kwa vidole. "Bibi alipokufa mliniambia amesafiri. Wiki mbili, shangazi. Nilimwandikia barua. Nyie mkitaka kusema jambo mnazunguka. Sasa mmezunguka na gemu."

Ya bibi ilikuwa kweli. Tena mimi ndiye niliyeleta wazo la safari.

"Naapa," nikasema. "Naapa kwa kila kitu. Yuko chumba cha upasuaji, hawajamaliza."

"Mpigie baba."

Nilipiga. Imezimwa. Kaka alikuwa ametuambia ataizima akiwa karibu na mlango wa upasuaji, wenyewe wanataka hivyo, hilo nilimweleza Hakimu, nikapiga tena, imezimwa, nikapiga mara ya tatu kama mjinga anayesukuma mlango uliofungwa.

"Umeona," alisema.

Na hapo, niseme ukweli, na mimi shaka iliniingia. Kwa nini ameizima muda wote huu? Kwa nini asiiwashe dakika moja tu, aseme bado? Kama mimi ninaweza kumzungusha mtoto, kaka hawezi kunizungusha mimi? Na huyu mama wa mlango wa pili, ana shoga yake anafanya usafi kule kule hospitali. Mikono ilinitoka jasho mpaka simu ikateleza, nikaidaka na goti.

Tuliporudi sebuleni Fundi alikuwa ameinama karibu na Kifungo, anamsihi. Kofia alikuwa bado ndani ya kile chumba. Kifungo alikuwa amemsogeza mpaka kitandani, na anabonyeza, anabonyeza.

"Haamki," aliniambia. "Nimebonyeza vyote."

"Toka nje, mama, mlango ule pale," Fundi alisema. "Nje kuna kondoo."

"Simwachi mpaka aamke."

"Basi tuzime, tuweke nyingine," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye mashine.

Kifungo alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. "Usizime! Ukizima atabaki peke yake!"

Mkono wangu ulibaki hewani. Aliyetusaidia ni Hakimu. Alikaa mkekani kando ya mdogo wake, bega kwa bega, akaangalia skrini, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa. "Hebu bonyeza cha kijani," alisema. "Ona, Kofia amesema kitu. Amesema, 'Mama anataka kulala kidogo, na mimi nina kazi. Nitarudi.' Twende."

Kifungo alimtazama. "Kweli?"

"Si mimi ndiye ninayejua kusoma?"

Kofia akatoka nje kwa kondoo.

Masaa mawili na zaidi Hakimu alisoma. Alibuni kila mstari. Mchungaji alitokea, uso wa huzuni, maneno mengi, na yeye akasema, "Anauliza kama tumeona kondoo wake mwenye kengele." Mwanamke alikuja na kitambaa cheusi kichwani, akamkumbatia Kofia, Hakimu akasema, "Huyu ni fundi nguo, anampima mabega." Kifungo alicheka. Sauti ya Hakimu haikutetemeka hata mara moja, na mimi niliyeketi nyuma yake niliona shingo yake, ile mishipa miwili, imesimama kama waya. Kila baada ya muda aligeuka akaniangalia, kuona kama sasa nitasema.

Simu ililia mara tatu. Ya kwanza, mteja anauliza kama leo nasuka. Ya pili, mteja yule yule, anauliza kama kesho nasuka. Ya tatu, mtu anatafuta fundi bomba. Kila ilipolia Hakimu aliacha kusoma katikati ya neno, na kila nilipokata, aliendelea na neno lile lile alipoliachia. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni, chini ya draya iliyozimwa, ananing'iniza kichwa. Alishaniomba mara mbili tuende hospitali. Nilikuwa naogopa kwenda. Nilijiambia nangoja simu. Ukweli ni kwamba, ukikaa nyumbani hujajua bado.

Saa tisa na dakika kumi ililia kwa mlio wa kaka. Nilikuwa karibu nayo kuliko mtu yeyote na sikuweza kuinua mkono. Hakimu alikuja mbio akabonyeza mwenyewe, akaiweka kwenye spika.

"Kitana?" Sauti ilikuwa inakatikakatika, na ilikuwa ya mtu anayelia. "Kitana, unanisikia? Ndiyo natoka... daktari ame... nimemwona. Nimemwona kwa macho yangu. Amelala, Kitana. Amelala..."

Ikakatika sauti, simu yenyewe haikukatika.

Hakimu hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akashika pazia kwa mikono miwili. Pazia lilishuka naye, na fimbo yake, na vishikizo vikatawanyika sakafuni mpaka chini ya runinga.

"Nani amelala?" Kifungo aliuliza.

"Kaka!" Nilipiga yowe, mtaa mzima ulinisikia, na mama wa mlango wa pili zaidi ya wote. "Kaka! Amelala vipi? Amelala usingizi au amelala?"

"...nini? Si nimekwambia... amelala!"

"Usiniambie amelala! Hilo neno nyumba hii leo halina maana! Sema yu hai au sema nyingine!"

Mkwaruzo, mkwaruzo. Halafu sauti ikaja safi kama yuko mlangoni. "Yu hai, jamani! Yu hai! Wamemaliza, mlango sasa unafunga vizuri, ana dawa ya usingizi tu. Mna nini huko?"

Fundi alisimama ghafla, akagonga kichwa kwenye draya, akakaa tena, akaanza kulia na kutukana draya kwa pamoja. Mimi nilipiga magoti pale kwenye pazia nikamshika Hakimu uso. "Umesikia? Umemsikia baba? Yu hai."

Alitikisa kichwa.

"Hakimu, baba yako mwenyewe amesema!"

"Umemwambia aseme," alisema. "Umempigia kelele aseme hai, akasema hai. Mbona analia?"

"Analia kwa furaha!"

"Bibi alipokufa pia ulisema analia kwa furaha, bibi amepata safari nzuri."

Kila neno nililokuwa nalo nilikuwa nimeshalichafua. Kaka kwenye spika alikuwa anaita, "Mama? Mwanangu? Ni baba, niamini," na mtoto akaifunika simu kwa kiganja, kama mtu anayeziba mdomo wa mwongo.

"Inuka," nikamwambia. "Twende ukaone."

Fundi ana pikapu ya kubebea runinga za watu. Tulijibana mbele wote wanne, Kifungo kwenye mapaja yangu bado ameshika usukani wa gemu, waya unaburutika. Kwenye taa nyekundu Hakimu alishika kitasa cha mlango, nikadhani ataruka ashuke akimbie. Nilimshika gauni kwa nyuma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeamini na sijaamini. Sauti ya kaka niliisikia, lakini kila tulipokaribia yale maghorofa nilizidi kuona kwamba sauti ni sauti tu, nayo inaweza kutumwa.

Kaka alitupokea koridoni, macho mekundu, shati limetoka upande mmoja. Alitaka kumkumbatia bintiye. Hakimu alimpita.

"Yuko wapi?"

Nesi alisema hairuhusiwi kuingia leo. Kaka akamsemesha, mimi nikamsemesha, Fundi akamwahidi kumtengenezea redio. Nesi akatutazama, akamtazama mtoto. "Kwenye kioo," alisema. "Dakika mbili."

Kilikuwa kioo kirefu. Upande wa pili, vitanda vitatu. Wa katikati ndiye wetu: mirija puani na mdomoni, shuka ya kijani mpaka kidevuni, chali, macho yamefumba. Nilishakiona kitanda kile, siku hiyo hiyo, kwenye runinga yangu. Nilitaka kumwambia Hakimu, unaona, amel... nikalimeza.

Alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Hakuangalia uso wa mama yake. Aliangalia shuka.

"Moja," alisema.

Nilingoja. Tulingoja wote. Muda ukawa mrefu mno.

"Mbili."

Kaka alitaka kusema kitu, Fundi akamfinya. Kumi. Kumi na moja. Kioo kilikuwa kinafanya ukungu mbele ya mdomo wake, anakifuta na mkono, anaendelea. Nesi akaja akasema dakika zimekwisha. Hakimu hakugeuka. "Bado," alisema, na nesi, sijui kwa nini, akasimama hapo hapo na yeye akaangalia.

"Anahesabu nini?" Kifungo aliniuliza.

"Pumzi za mama."

"Na mimi." Alijipenyeza chini ya mkono wa dada yake, akaweka paji la uso kwenye kioo. "Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu..."

"Polepole," Hakimu akamwambia. "Subiri apumue kwanza, ndiyo uhesabu."

Wakaanza upya, wawili. Na kati ya namba na namba, mimi nilikuwa sipumui.